Mafuta ya Bajia na Uso wa Atália

Picha ile tuliipiga mwaka 1979. Hapana, ngoja. Sabini na tisa ndio mwaka niliokabidhiwa gari. Picha tuliipiga themanini na moja, mwaka wa kabichi, mwaka ambao Maputo nzima ilinuka kabichi ya kuchemsha asubuhi na jioni, na ukibahatika kupata samaki wa kuweka juu yake unafunga mlango kwanza ndipo ule. Najisahihisha mapema kwa sababu kosa hilihili nusura limkoseshe mtu uso wa mama yake, na huyo mtu ndiye ninayetaka kumsimulia.

Anaitwa Dona Percina Chirindza, mtunza makopo. Nikisema makopo usifikirie ya nyanya. Ni yale ya bati, mapana kama sahani ya pilau, na ndani zimo filamu za tangu uhuru: mikutano, mavuno, madaraja, watoto wanaochanjwa, timu za mpira ambazo wachezaji wake leo ni mababu. Yamejaa ghala zima mpaka darini. Mimi nilikuwa dereva wa gari la sinema la nyumba ya filamu yenye ghala hilo. Nilizaliwa Newala, nikavuka Ruvuma nikiwa na miaka ishirini, nikatangatanga hapa na pale mpaka miguu ikagoma Maputo, na huku ndiko nilikozeekea. Nimestaafu siku nyingi, ila kila wiki lazima nipite ghalani. Aliyezoea harufu ya filamu ni kama aliyezoea ugoro.

Dona Percina aliingia pale kama mfagiaji. Cheti cha filamu hana mpaka leo. Lakini wakija wasomi wa nje na glavu zao nyeupe, yeye ndiye anayeitwa. Anafungua kopo, ananusa. Filamu ikizeeka vibaya huchacha, ikatoa harufu ya siki inayochoma pua. Yeye kwa kunusa tu atakwambia, "Hii imeanza kuumwa. Hii marehemu. Hii bado bibi harusi." Kisha analamba mdomo wa chini na kuugusisha ukanda. Filamu ina pande mbili, mmoja unang'aa na mwingine una dawa, na picha imekaa kwenye dawa. Upande unaonata mdomoni ndio wa dawa. Hivyo ndivyo tulivyofanya wote zamani, na yeye alijifunza kwetu.

Ila ujuzi wa kapulana, nguo za wanawake wa huku, ni wake mwenyewe. Miaka ya shida makopo hayakutosha, basi tulikuwa tunatia filamu mpya katika kopo la zamani bila kubandua karatasi. Kopo limeandikwa mkutano wa wakulima, ndani kuna harusi. Kilichokuwa hakidanganyi ni namba nyekundu juu ya kifuniko, namba ya mwaka ambao filamu iliyomo ilipokelewa ghalani, iliyopakwa upya kila mara, maana karani wa rangi alikuwa mtu mkali. Namba ikifutika, Dona Percina anatazama wanawake. Huku kila kapulana ina jina lake na mwaka wake iliotoka dukani, kama kanga za kwetu. "Huyu mama amevaa ile ya mafuriko," atasema. "Kwa hiyo picha hii haiwezi kuwa ya kabla." Na anapatia.

Sasa kwa nini mtu akae miaka ishirini na mbili ndani ya harufu ya siki? Nilimuuliza siku moja tukinywa chai.

"Babu, mimi namtafuta mama," akasema, kama mtu anayetafuta ufunguo.

Mama yake aliitwa Atália. Alikuwa mbanguaji kwenye kiwanda cha korosho nyuma ya reli. Siku moja alirudi nyumbani anacheka, akawaambia watoto kwamba watu wa sinema wamekuja kiwandani na wamempiga picha. Mwaka uliofuata akafariki. Percina alikuwa na miaka saba. Vita ikaja ikachoma nyumba ya bibi yake kijijini, na ndani ya nyumba mlikuwa na picha mbili za Atália, ndizo pekee. Kilichobaki ni kapulana yake moja yenye majogoo. Na jambo moja ambalo Percina hakulisahau: mama yake alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kirungu cha kugongea korosho alishika kushoto, na mwiko alishika kushoto.

"Uso je?" nikamuuliza.

"Uso umenitoka, babu. Nikifumba macho naona mkono tu."

Niliifahamu filamu anayoitafuta. Nilikuwepo. Lakini filamu ya korosho iliyokuwa ghalani, Percina aliwahi kuiona miaka mingi nyuma, juu ya meza yenye taa, kwa kioo cha kukuzia. Mlikuwa na mama mmoja amevaa kapulana ya majogoo, wengine wamegeuka mgongo au wamebeba vikapu. Mama huyo alishika kirungu kwa mkono wa kulia. Na majogoo yake yalitazama kulia, wakati majogoo ya kapulana ya Atália yanatazama kushoto. Percina akaifunga, akairudisha. Si yeye. Akaendelea na makopo mengine.

Mwaka 2016 akaja binti mmoja anayeitwa Idalécia Muianga. Mwembamba, ana haraka, anaongea huku anatembea. Alikuwa anatengeneza filamu juu ya wanawake wa viwanda vya korosho, na bibi zake walifanya kazi humo. Alikuwa na wazee waliohojiwa, alikuwa na nyimbo, alichokosa ni picha za enzi zile.

"Dona Percina, nipe chochote," alisema siku ya kwanza. "Hata sekunde kumi. Hata miguu ya watu."

"Dada, hapa huombi miguu kama sokoni," Dona Percina akamjibu. "Vua viatu vyenye vumbi, kaa, tuanze rafu ya kwanza."

Wakaanza. Na bahati mbaya walikuwa na siku nane tu. Makopo yaliyochacha huambukiza jirani zake, kwa hiyo ofisi ilikuwa imeamua yatolewe yote yakafukiwe mbali. Lori lingekuja Ijumaa saa nne asubuhi. Idalécia alitaka picha zake. Dona Percina, nilimwona, alikuwa akifungua kopo kama mtu anayefungua barua, kwa sababu alijua kinachoondoka Ijumaa hakirudi.

Mpaka Alhamisi mchana hawakupata kitu. Wakaamua kutumia ile filamu ya zamani ya korosho, afadhali hiyo kuliko ukuta mtupu. Miro, mhariri, mtu wa kitambi na mdomo, akaipitisha kwenye mashine inayoingiza filamu kwenye kompyuta. Nikaitwa nije nieleze kilichokuwa kinatendeka kiwandani. Ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza tangu themanini na moja, tena kubwa, kwenye kioo ukubwa wa meza.

Ilikuwa na ukungu. Akina mama kwenye meza ndefu. Yule wa majogoo akigonga korosho. Nyuma yake mlango uko wazi, na nje ya mlango, pembeni kabisa, pua ya gari la buluu.

"Hilo gari langu!" nikasema.

"Babu kashaona mchumba wake," Miro akacheka.

"Simamisha, mwanangu. Rudisha. Simamisha hapo." Nikasogea mpaka pua yangu inakaribia kioo. "Usukani uko kushoto."

"Sasa?"

"Gari langu lilikuwa na usukani kulia."

"Babu, magari ya msaada ya zamani yalikuwa na usukani kushoto, kila mtu anajua."

"Ya msaada, ndiyo! Hili halikuwa la msaada. Hili liliachwa na Mreno mmoja aliyekimbia na mbwa akasahau gari. Nimeliendesha miaka kumi na moja, nimelala ndani yake, nimeumwa malaria ndani yake. Unataka kuniambia nilikaa upande gani?"

 Idalécia ndiye aliyeelewa kwanza. Akashika kichwa. "Miro. Igeuze."

"Niigeuze vipi?"

"Kama kwenye kioo cha kujitazamia! Kulia iende kushoto!"

Miro akabonyeza. Picha ikaruka. Usukani ukarudi kwake. Na kirungu kikahamia mkono wa kushoto.

Sikuwahi kusikia Dona Percina akipiga kelele kabla ya siku hiyo. Alipiga vigelegele mpaka mlinzi akapanda ngazi mbio na rungu mkononi. Mkoba wake ulikuwa chini ya kiti; akatoa kapulana, kumbe kila siku huja nayo, akaitandaza mbele ya kompyuta. Majogoo ya nguo yalitazama kushoto. Majogoo ya kwenye kioo yalitazama kushoto.

"Yeye!" Idalécia alikuwa anarukaruka kama mtoto. "Dona Percina, ni yeye! Umemshika mkononi mwako miaka yote!"

"Nilimshika nikamrudisha rafuni," Dona Percina akasema, anacheka na machozi yanashuka. Kisha akainama karibu na kioo, akainama zaidi. Kicheko kikaisha. "Miro, ukungu huu hautoki? Uso sioni."

Miro alijaribu kila kitufe alicho nacho. Uso ulibaki kama uso wa mtu aliye nyuma ya chandarua.

Mimi nilikuwa nimekaa. Nilijua ukungu ule umetoka wapi. Filamu ukiinakili upande usio wake, picha inageuka, na tena inapoteza makali. Na aliyeinakili ni mimi.

Nikawaambia. Mtu wa mashine ya kunakili alikuwa amelazwa na homa, na nakala ilitakiwa isafiri na gari langu asubuhi inayofuata. Nikasema nitaweza, nimemwona akifanya mara mia. Mchana huo jirani mmoja alikuwa amepata mafuta ya kupikia, sijui wapi, mafuta siku zile yalikuwa adimu kama maziwa ya kuku, akakaanga bajia akaniletea sita ndani ya mkate. Nilikula zote nimesimama. Kisha nikaingia chumba cha giza, nikalamba mdomo, nikagusisha ukanda. Haukunata. Nikageuza. Haukunata. Mdomo wote ulikuwa mafuta. Nikaona aibu kutoka kwenda kunawa, nikabahatisha.

 Dona Percina akanigeukia.

"Babu Mateu," akasema. "Mama yangu umemficha kwa bajia?"

"Sita," Miro akaongeza. "Afadhali ingekuwa moja."

Wakacheka, Mungu awabariki, wakacheka wao kwanza ndipo na mimi nikathubutu kucheka. Lakini Dona Percina alishaacha kucheka. Alikuwa amesimama.

"Hii ni nakala," akasema. "Ile uliyonakilia, ile yenyewe iliyotoka kwenye kamera. Uliiweka wapi?"

"Kwenye kopo lolote lililokuwa wazi."

"Mwaka gani?"

"Sabini na tisa," nikasema, bila hata kufikiri.

Ijumaa tulikuwa pale kabla ya wafagiaji. Kwenye rafu safi, makopo yenye namba 79 yalikuwa machache, tukayamaliza upesi: kiwanda cha chumvi, mazishi, gwaride. Kumbe kopo letu lilikuwa miongoni mwa yaliyochacha, na yaliyochacha yalikuwa tayari uani. Lori likafika saa tatu na nusu, mapema, jambo ambalo lori la serikali halijawahi kufanya tangu dunia iumbwe. Wapakiaji wakaanza kurusha. Sisi tulikuwa tunapakua walichopakia, tukitafuta 79, tunafungua, tunanusa, tunakohoa. Hakuna korosho.

Dereva wa lori, jina lake Bento, akazima redio. "Dona, mimi nina safari nyingine. Mnapakua au mnapakia?"

"Nakutafutia mama mkwe," Dona Percina akamjibu bila kugeuka.

"Ninaye tayari, ananitosha!"

Saa nne ikapita. Kopo la mwisho la 79 likafunguliwa. Lilikuwa na timu ya kikapu. Idalécia akakaa chini juu ya changarawe. Bento akawasha injini.

Dona Percina akaja akasimama mbele yangu, mikono imejaa kutu na siki. "Babu, usinitajie mwaka. Miaka inakuchanganya. Nitajie chakula. Siku ile ya bajia, kabla ya bajia, mlikuwa mnakula nini?"

"Kabichi," nikasema.

"Na jana yake?"

"Kabichi. Kila siku kabichi, binti yangu, kabichi mpaka—"

 Akina mama wawili wa usafi waliokuwa wamesimama mlangoni wakajibu kwa pamoja, kama kanisani: "Themanini na moja!"

Dona Percina alikuwa ameshaondoka. Alikwenda akasimama mbele ya lori, kapulana ya majogoo kiunoni, mikono imetanuliwa. "Bento! Ukitaka kupita, nikanyage!"

Bento akazima injini. Si hivyo tu, akashuka, akakunja mikono ya shati, akaanza kutafuta pamoja nasi. Dereva ni dereva. "Namba ngapi? Nane moja? Hili hapa! Na hili!" Sasa wapakiaji nao wakaingia, kila mtu anapiga kelele, nane moja, nane moja, kama mnada wa mbuzi. Yakapatikana kumi na tisa. Tukayapanga kwenye kivuli cha ukuta.

La kumi na nne lilikuwa na karatasi ya mbio za baiskeli. Dona Percina akafungua, akanusa, akafumba macho. "Mgonjwa mahututi," akasema.

Mzunguko wa nje ulikuwa umekauka ukajikunja kama gome la mti. Akaumenya polepole kwa kucha, anatupa, anaendelea, kama mtu anayemenya kitunguu kibovu akitafuta kilicho kizima.  Ndani kabisa ukanda ukawa laini. Akautoa kipande kama mkono mmoja, akauinua juani, akaweka kioo cha kukuzia kwenye jicho.

Sisi tulikuwa tunautazama mgongo wake.

"Ana mwanya," akasema taratibu. Kisha akageuka, na tukaona anacheka mdomo wazi, na katikati ya meno yake ya mbele mwanya uleule tuliouona miaka yote bila kuujali. "Ana mwanya wangu! Jamani, njooni mumwone! Njoo uone, Bento! Amenuna kidogo, kisha anacheka, na anafunika mdomo kama mimi!"

Tulipokezana kioo kile. Mama wa miaka thelathini hivi, uso wa duara, kitambaa kimefungwa nyuma, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Makali ya picha yalikuwa kama ya jana. Bento alipotazama akavua kofia.

Kazi ilipotulia, na kabla ya kuurudisha ukanda koponi, Dona Percina alilamba mdomo wa chini na kuugusisha, ajue upande wa dawa. Ukanata. Akauacha hapo kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Filamu ya Idalécia ilimalizika miezi mitano baadaye. Alitia sekunde kumi na moja za Atália, zote zilizopona. Tuliitazama ukumbini pamoja na wabanguaji wazee, na uso ulipotokea ukumbi mzima ulipiga vigelegele, hata wasiomjua. Dona Percina alivaa kapulana yake. Mimi aliniwekea kiti karibu naye, na kitambaa cha karatasi juu ya kiti. Tangu siku ile, nikikutwa na bajia pale ghalani, lazima mtu anipe kitambaa. "Futa mdomo, babu, watu wana mama zao humu."

Ila kuna jambo moja.

Katika sekunde zile kumi na moja Atália anainua macho. Kwenye ile nakala yangu mbovu alionekana anatazama kushoto kwa kamera, ambako hakukuwa na mtu. Sasa picha iko sawa, na anatazama kulia. Kulia kwa kamera ndiko nilikosimama. Gari likishaegeshwa mimi ndiye niliyekuwa nashika taa, siku zote kulia kwa marehemu Jossias, mpiga picha wetu. Ananitazama mimi, ananuna, anasema maneno, ndipo anacheka na kufunika mdomo. Sauti haikurekodiwa, maana chombo cha sauti kilikuwa kimekwenda Beira.

Dona Percina aliniuliza mara moja tu, taratibu, na niliona aibu kumjibu kwamba sikumbuki. Sikumbuki hata kidogo. Nakumbuka bajia sita, lakini mwanamke aliyesimama hatua nne mbele yangu akanisemesha, simkumbuki. Nimemwendea mwalimu wa shule ya viziwi, akatazama midomo mara ishirini, akatikisa kichwa. Nimewaendea wabanguaji waliokuwa meza moja naye, wawili waliobaki. Mmoja alisema mwanya unaharibu maneno. Mwingine alicheka tu, akakataa kuniambia anachocheka, na mwezi wa tatu mwaka huu tumemzika. Nami bado naenda pale kila wiki, Miro ananifungulia, natazama.

Atália, mama wa Percina, uliniambia nini?